Alama ya ubao: leithi iliyolala miezi 27

Tulipolivua turubai Novemba 2024, mjomba hakuitazama mashine nzima. Alikwenda moja kwa moja kwenye reli za kitanda cha mashine, zile njia za chuma ambazo kifaa cha kukatia huteleza juu yake, upande wa kichwa kinachozungusha kazi, akang'oa ubao uliolala hapo, akapitisha ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukakwama. Akapitisha tena, ukakwama palepale.

"Huu ubao nani aliuacha hapa?"

Tulikuwa watatu stooni: yeye, binamu yangu aliyekuwa amerudi kutoka Qatar, na mimi. Jibu tulilijua, na ndiyo sababu hakuna aliyejibu. Nilikuwa na picha kwenye simu, lakini picha ya kumwonyesha mjomba kosa lake haitolewi mfukoni haraka.

Nakiandika kisa hiki chote, tangu siku tulipoilaza mashine hadi siku ilipokata chuma tena, kwa sababu miezi 27 inatosha kuonyesha lipi lilifaa kati ya tuliyoyafanya na lipi lilikuwa kazi bure. Kuna niliyoyaamini sana ambayo hayakusaidia chochote. Na kilichotuharibia tulikiweka kwa mikono yetu wenyewe tukidhani ni kinga.

Mashine, na kwa nini ililazwa

Ni mashine ya kukereza chuma, ile ambayo kila fundi Nairobi huiita leithi. Hii ni Colchester Student, ya Kiingereza, iliyopewa jina la mji wa Essex ilikotengenezwa. Mjomba aliinunua mwaka 1996 kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana, na tangu hapo imefanya kazi Kariobangi Light Industries: bushi za mashine za kusaga unga, shafti za pampu, puli, na mara mojamoja kazi ya mtu aliyevunja kitu cha gari ambacho dukani hakipo. Uzito wake unapita nusu tani. Imechakaa mahali pake, lakini mjomba anaijua ilivyochakaa, na hilo lina thamani kuliko mashine mpya isiyojulikana.

Katikati ya 2022 daktari alimwambia nyonga yake inahitaji upasuaji na muda mrefu wa kupumzika. Mwanawe, huyo binamu wa Qatar, ambaye ndiye angeendesha kazi, alikuwa na mkataba wa miaka miwili ughaibuni. Kodi ya kibanda haingojei nyonga ipone. Watu walikuja na bei zao, akazikataa zote. "Mashine kama hii ukiiuza, hununui nyingine," alisema, na hapo mjadala ukaisha. Tukaamua ihamishiwe kwa dada yake, yaani kwa mama yangu, mtaa wa Utawala, kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba.

Stoo yenyewe ndiyo ilikuwa tatizo la kwanza. Kuta mabati, paa mabati, sakafu ya saruji nyembamba juu ya ule udongo mweusi wa mashariki ya jiji, unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Haina umeme. Faida yake ni mbili: paa halivuji, na mama hupita mlangoni pake kila siku akienda kwa kuku. Mwaka huohuo, Januari, serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu. Marufuku yaliondolewa baada ya miezi michache, lakini hofu haikuondoka nayo. Leithi nzima haibebwi na mwizi mmoja, ila chaki (ile inayobana kazi kwa taya ikizunguka), gia za kubadilishia na nati za shaba hubebeka vizuri sana. Vyote vidogo vililala ndani ya nyumba, chini ya kitanda cha mama.

Adui haji na mvua

Jirani mmoja wa Kariobangi, fundi mzuri wa kuchomelea, alitupa ushauri ambao nimeusikia kwa watu kumi tofauti: "Imwagieni oili chafu, ifungeni na karatasi ya nailoni, mfunge mlango. Mkirudi mtaikuta kama mlivyoiacha." Nusu mbili za ushauri huo, na zote mbili zina kasoro.

Oili chafu kwanza. Oili iliyotolewa kwenye injini imebeba masizi, maji kidogo, na asidi zinazotokana na mwako wa mafuta. Ndiyo maana mwenye gari analipa aimwage. Kuipaka kwenye reli zilizosuguliwa kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita ni kuzipaka asidi yenye rangi ya kinga. Kwenye jembe sawa. Kwenye lango la chuma sawa. Kwenye leithi hapana.

Nailoni ndiyo mbaya zaidi, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu mpango wetu wote ulisimama juu ya jambo hili.

Watu wakifikiria kutu hufikiria mvua. Lakini mashine iliyo chini ya paa zima hailiwi na mvua, inaliwa na asubuhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai au Agosti joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mabati hayashiki joto, kwa hiyo stoo hupoa pamoja na usiku. Kukicha, hewa inapata joto upesi, lakini nusu tani ya chuma cha kumimina haina haraka hiyo, inabaki na ubaridi wake hadi karibu adhuhuri. Sasa hesabu: hewa yenye nyuzi 19 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa saa nne asubuhi ya mwezi wa saba, huanza kuacha maji kwenye kitu chochote chenye joto chini ya nyuzi 14 na nusu. Reli yako ina nyuzi 12. Inatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, kila siku, bila tone moja la mvua kuingia.

Ukiifunga kwa nailoni hujazuia jambo hilo. Umeifungia hewa yenye unyevu ndani, na maji yanayojitenga hayana pa kutokea. Jua la mchana linayageuza mvuke, usiku yanarudi kuwa matone. Nimewahi kufungua drili ya meza iliyofungwa hivyo kwa mwaka mmoja. Nailoni ilikuwa safi kama siku ya kununuliwa, na drili ilikuwa ya rangi ya tofali.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kukipa chuma joto kidogo kuliko hewa inayokizunguka. Balbu ya zamani ya wati 40 chini ya kitanda, ndani ya kifuniko, inatosha kukiweka nyuzi chache juu. Inakula yuniti 29 hivi kwa mwezi. Nililipendekeza hilo na mjomba akaniuliza nani atanunua tokeni. Nilikuwa tayari kununua, lakini swali lake la pili lilinishinda: balbu ikiungua Jumatatu na mtu aione baada ya wiki tatu, tumefanya nini? Na umeme wa kuvuta kwa waya kupitia dirishani, kwenye stoo yenye mafuta na nyasi kavu za kuku, kwa miaka miwili? Tukaacha.

Ikabaki njia ya pili: kuacha hewa ipite, na kuweka juu ya chuma tabaka ambalo maji hayalipenyi hata yakikaa.

Siku tatu za Agosti

Kusafisha kulichukua siku mbili kati ya tatu, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Kinga nzuri juu ya uchafu ni blanketi juu ya nyoka.

Tulianza na maji ya kupoza, yale meupe kama maziwa. Tangi lilikuwa na yaliyokaa, na yeyote aliyewahi kufungua karakana Jumatatu asubuhi anaijua harufu ya vijidudu vikiwa vimefanya sherehe humo wikendi nzima. Tulimwaga, tukasugua tangi, tukaliacha juani. Pampu ilitolewa. Shida ya maji haya ni kwamba hujificha: nyuma ya sahani ya chaki, chini ya telistoki inayoshikilia ncha ya pili ya kazi, ndani ya mifereji ya kereji inayobeba kifaa cha kukatia. Yakikauka huacha utando unaonata, na utando huo hunywa unyevu wa hewani.

Kwa hiyo kila kinachotoka kilitoka. Chaki ya taya tatu ndiyo nzito, kwa hiyo kabla ya kuilegeza tulilaza ubao juu ya reli chini yake, ili ikiteleza iangukie mti na si chuma. Huu ndio utaratibu sahihi na kila fundi hufundishwa hivyo. Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha mkaratusi, upana wa sentimita 20, kilichookotwa nje ya kibanda cha seremala jirani. Ukumbuke.

Tulisafisha kwa brashi na waiti spiriti, ile ya kuchanganyia rangi ya mafuta. Binamu mmoja mdogo alileta bomba la hewa ya kompresa na mjomba akamfukuza nalo, kwa haki: hewa ile husukuma chenga za chuma mahali ambapo brashi isingezifikisha, hadi kwenye beringi. Baada ya hapo hakuna aliyegusa chuma kitupu bila glavu. Jasho la mkono lina chumvi, na alama ya kidole hujitokeza baada ya miezi michache kama muhuri wa chifu.

Oili zote tatu, ya kichwa, ya boksi ya gia na ya apruni, lile boksi la mbele ya kereji, zilimwagwa. Ya apruni ilitoka na weupe kidogo, dalili kwamba maji ya kupoza yalikuwa yameingia. Tukajaza mpya, haidroliki namba 32 kwenye kichwa, na kuandika kibao cha kuning'iniza kwenye lever kinachosema nini kimejazwa, nini kimetolewa, na kwamba mashine isiwashwe kabla ya kusoma. Mikanda tulilegeza ili isijikunje umbo la puli. Mota ilifunguliwa yote na kupelekwa nyumbani, baada ya kupimwa kinga ya waya zake kwa mega, kipimo cha kinga ya umeme, ya volti 500. Ilisoma megaohmu 180. Nikaandika kwenye daftari, maana kipimo kisicho na kipimo cha awali hakikuambii kitu.

Sasa kinga yenyewe. Kopo la bluu na njano la WD-40 ndilo wengi hulikimbilia, na jina lake linatosha kueleza kazi yake: herufi zile ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kuhamisha maji, na 40 ni jaribio la arobaini lililofaulu, mwaka 1953. Linahamisha maji kweli. Kisha sehemu kubwa yake inaruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba usiofaa kwa miaka. Grisi ya beringi tuliifikiria pia, lakini hukusanya vumbi, na ukiipaka kwa vidole unaacha njia nyembamba ambazo hutaziona hadi kutu izionyeshe.

Tulichagua lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo. Mjini inauzwa kwa wanaotengeneza sabuni na losheni, na muuzaji alinitazama mara mbili nilipomwambia ni ya leithi. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo tuliweka kopo ndani ya maji ya moto, tukalitoa na kulipeleka mbali na jiko, ndipo tukachanganya sehemu 1 ya lanolini na 4 za waiti spiriti. Hapo msivute sigara. Inapakwa kwa brashi kama rangi, spiriti inaruka, na kinachobaki ni ngozi ya njano inayonata, isiyodondoka na isiyokauka ikapasuka. Tulipaka mara mbili, ya pili ikikata njia ya kwanza. Skrubu ndefu tulipaka tukiizungusha kidogokidogo. Kereji tuliisukuma hadi mwisho wa kitanda pamoja na telistoki, ambayo chini yake pia ilipakwa.

Gharama ya vitu vyote haikufika shilingi 9,000, ukiondoa kanta ya kuhamishia.

Kuhamisha nakupitishia haraka: cheni bloku, mikanda ya kuinulia ikipita katikati ya mbavu za kitanda na si kuzunguka skrubu, kereji na telistoki mwisho kabisa ili zisawazishe uzito wa kichwa, kisha mabomba na mtaimbo hadi ndani. Kwenye stoo tuliisimamisha juu ya mawe ya Ndarugu, yale ya inchi 6 kwa 9, yakiwa yamelazwa, hivyo ikapanda sentimita 15. Kati ya jiwe na mguu wa chuma tuliweka vipande vya karatasi ya lami, ile wajenzi hulaza kwenye msingi, kwa sababu jiwe hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha kama utambi.

Juu yake yule binamu mdogo alisimamisha fremu ya mbao na kutandika turubai la pamba mithili ya hema, pande zikiishia futi moja kutoka sakafuni. Tundu la spindo, ule mhimili unaozungusha chaki, na la telistoki tuliziba kwa vitambaa vilivyolowa lanolini, na mbele yake wavu wa waya. Hiyo ni kwa ajili ya wale nyigu wanaojenga nyumba za tope. Nyigu mmoja akipewa msimu mmoja hugeuza tundu la spindo kuwa gorofa, na tope lile hukaa na unyevu likigusa chuma. Wavu mwingine ulizunguka tundu la mota, kwa ajili ya panya, ambao mkojo wao ni chumvi tupu.

Nilitundika pia vipande vitatu vya chuma vilivyong'arishwa: kimoja kitupu nje ya hema, kimoja kitupu ndani ya hema, cha tatu ndani kikiwa kimepakwa. Mama akaviita mashahidi.

Tulipokuwa tunakunja mikono, nikauliza kama niutoe ule ubao. "Uache," mjomba akasema. "Tutauhitaji siku ya kurudisha chaki. Na kitu kikianguka kutoka kwenye fremu, utakuwa umekinga reli." Ilisikika kama busara. Nikapiga picha ya mwisho, ubao ukionekana vizuri, na lanolini chini yake haikuwa na saa mbili tangu ipakwe.

Daftari la mama

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama aliinua upande wa turubai, akaishika puli na kuizungusha spindo mizunguko kumi, kisha akaiacha mahali tofauti na ilipokuwa. Sababu ni kwamba beringi ikilala palepale miaka miwili, kila rola inakandamiza sehemu moja, na mtikisiko wa malori ya barabarani unaisugua palepale huku oili ikiwa imeshateremka. Kuzungusha kunairudisha oili. Aliandika tarehe na neno moja kwenye daftari: "Nyepesi." "Nyepesi." "Baridi." "Nyepesi." Kuna miezi mitatu ya 2023 haina kitu, alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, na mimi niliyeahidi kushika zamu sikushika.

Kereji hatukumwambia aisogeze. Tulibishana juu ya hilo. Kuisogeza kungezuia isigande, lakini kungekwangua kinga yote njiani, na mama hana brashi wala lanolini ya kupaka upya. Tukaamua ilale. Bado naona tulikuwa sahihi.

Mashahidi walisema mapema. Kufikia Julai 2023 kipande cha nje kilikuwa chekundu kote. Cha ndani ya hema kilikuwa na madoa ya kuhesabika. Kilichopakwa kilikuwa vilevile. Hema tupu, bila mafuta, lilikuwa limepunguza madhara kwa kiasi kikubwa, na hiyo ilinishangaza.

Kisha ikaja Aprili 2024, mafuriko yaliyoisumbua Nairobi kuanzia Mathare hadi Mukuru. Uwanja wa mama ulijaa, na maji yakaingia stooni. Aliweka alama ukutani: sentimita 11 kutoka sakafuni, yakakaa siku moja na nusu. Mawe ya Ndarugu yalitupa sentimita nne za kupumua. Mota, kama ingekuwa imebaki chini mahali pake, ingepata mvuke wa wiki nzima hata kama haingeguswa na maji.

Nilikwenda siku ya tatu, nikiwa na tochi. Niliinua turubai, nikapiga mwanga kwenye reli, kwenye skrubu, kwenye uso wa spindo. Njano, inanata, safi. Nikamwambia mjomba kwenye simu kwamba Mungu ni mwema na mashine iko sawa. Nilitazama kila kilichoonekana. Ubao sikuuinua.

Tulichokikuta

Nianze na mazuri, ni mengi. Popote lanolini ilipokuwa inaonana na hewa, kitambaa chenye waiti spiriti kilifuta utando na chini yake chuma kilikuwa kinang'aa kama siku tulipokiacha. Chini ya telistoki, safi. Chaki, iliyokuwa imefunguliwa, taya zake tatu zikipewa namba na kufungwa kwenye karatasi ya nta ndani ya nyumba, safi. Gia kwenye kopo la bati lililozibwa na pakiti za jeli ya silika, safi. Mota ilisoma megaohmu 60, chini ya 180 za mwanzo lakini mbali sana na megaohmu 1 ambayo ukiifikia unaanza kuwa na wasiwasi. Ukingo wa kereji uliacha mstari wa kahawia hafifu kwenye reli, ukatoka kwa oili na kitambaa. Oili ya kichwa, tulipofungua bomba la chini, ilitanguliwa na matone machache ya maji, kwa hiyo hata ndani ya kichwa kulikuwa na asubuhi.

Pakiti nyingine za silika, zile nilizozitundika ndani ya hema kwa gharama yangu na kwa fahari kubwa, hazikufanya lolote. Hema limeachwa wazi kwa makusudi hewa ipite, na silika hushiba baada ya siku chache ikawa mapambo. Silika ni ya chombo kilichozibwa. Nilikuwa nimesoma hilo na bado nikazitundika.

Halafu ubao. Ulikuwa umeshikamana na reli ya mbele, na ulipong'oka uliacha umbo lake: ukanda wa sentimita 20, mweusi katikati na mwekundu kingoni, mistari ya mti ikiwa imechorwa kwenye chuma. Kina cha vishimo, kwa ncha nyembamba ya geji ya saa, kilikuwa kati ya sehemu 4 na 6 za mia za milimita. Na ni karibu na kichwa, mahali ambapo kereji hufanya kazi siku nzima.

Kilichotokea, nikikipanga, ni mambo manne yaliyopandana. Ubao uliokauka juu tu uliwekwa juu ya lanolini ambayo spiriti yake haijamaliza kuruka, ukainyonya kabla haijatulia. Mti hunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa, kwa hiyo kila asubuhi ya Julai ulikuwa sponji inayogusa chuma kisichokuwa tena na kinga, na baada ya mafuriko ulikaa umelowa kwa wiki. Mti, hasa usiokauka vizuri, hutoa asidi ileile iliyo kwenye siki. Na mkaratusi una tanini nyingi, zinazoungana na chuma kuwa weusi ule wa wino. Kipande kitupu cha shahidi, kilichoning'inia hewani ndani ya hema lilelile bila tone la mafuta, kilikuwa na hali nzuri kuliko reli iliyopakwa mara mbili na kufunikwa kwa ubao.

Kwa hiyo swali ambalo tungepaswa kuuliza kwenye kila hatua halikuwa mashine imefunikwa na nini. Lilikuwa chuma kinaguswa na nini. Chini ya miguu tuliliuliza, tukaweka karatasi ya lami. Kwenye spindo tuliliuliza. Kwenye reli, sehemu ya thamani kuliko zote, tuliweka mti wa kuokota, na mimi niliyeinama na tochi Aprili sikuuliza pia. Mkaguzi aliyetazama kinachoonekana tu alikuwa mimi, si mjomba.

Binamu wa Qatar alitaka kushika grainda na diski laini "asafishe kidogo". Mjomba alimnyang'anya kabla hajaipata plagi. Kishimo kilicho chini ya uso wa reli hakiharibu kipimo, kereji hupita juu yake na oili hukaa humo. Kinachoharibu ni kilichopanda juu ya uso, na grainda ingetuachia bonde la kweli mahali pa vishimo. Tulitumia jiwe laini la kunolea lenye oili, tukilitembeza bapa, mpaka likaacha kukwaruza. Weusi ulibaki.

Mashine ilirudi Kariobangi, kwenye kibanda kingine, ikapimwa kwa pimamaji ya fundi mitambo na kurudishiwa umeme wa volti 415. Ilizunguka nusu saa kwa mwendo wa chini bila mzigo, mjomba akiwa ameweka kiganja kwenye kichwa kama anampima mtoto homa. Kipande cha kwanza cha majaribio, urefu wa milimita 150, kilitoka na tofauti ya unene ya milimita 0.03 kati ya mwisho na mwisho. Kitanda kilikuwa kimejipinda kidogo kwenye sakafu mpya. Shimu moja, yaani kipande chembamba cha bati, chini ya mguu wa nyuma ikaishusha hadi 0.01, na mjomba akasema hata kabla ya kulala haikuwa nzuri hivyo, jambo ambalo sina hakika nalo.

Ni jioni ya siku hiyo, tukinawa mikono, ndipo nilipomwonyesha picha. Aliikuza kwa vidole viwili, akautazama ubao muda mrefu.

"Si ungeniambia," akasema.

"Mjomba, nilikuuliza."

Akanirudishia simu, akaenda kufunga mlango. Jumamosi ya kwanza ya Desemba mama alipiga kuuliza kama kuna mtu ameizungusha.